Kura Ilimwangukia Mpishi

Dadu zilirushwa mara ya mwisho, kura ikamwangukia Felikula, mpishi, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Felikula mwenyewe. Mfalme wa sikukuu, yeye! Mwanamke mwenye makovu ya tanuri mpaka kwenye viwiko, ananuka mchuzi wa samaki hata akitoka kuoga! Lakini kura ni kura. Katika sikukuu ya mungu Saturno hakuna mkubwa wala mdogo. Watumwa hujilaza kwenye makochi ya karamu, mabwana hubeba masinia, kila mtu huvaa kofia ya sufu, ile ya watu walioachwa huru, na aliyeangukiwa na kura hutoa amri mpaka jua la siku ya mwisho lizame. Akikwambia imba, unaimba. Akikwambia kaa ndani ya pipa la maji ya baridi, utakwenda kuloa na Desemba yako.

"Haya, mfalme wangu," akasema Numerio Alfidio, bwana wa nyumba, mwuza mafuta ya zeituni, akiinama na sinia la dengu mikononi. "Amri ya kwanza?"

"Amri ya kwanza, bwana, lishike sinia sawasawa. Hizo dengu sikuzipika ziliwe na sakafu."

Wakacheka tena. Wakamvika taji la majani ya figili, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu, naye akakaa katikati ya kochi kubwa, miguu juu, kama mtu aliyezaliwa hapo.

Furaha yake ilikuwa na sababu nyingine, tena kubwa kuliko dadu. Asubuhi ile Numerio alikuwa ameingia jikoni, akaweka mkono juu ya kibanda cha miungu ya nyumbani kilicho ukutani karibu na jiko, akasema, "Felikula, siku ya mwisho ya sikukuu hii nitakuacha huru mbele ya rafiki zangu. Miungu hii imesikia." Felikula alikuwa mtumwa wa nyumba ile tangu hajang'oka meno ya utoto. Alikuwa amekwisha kujishonea kofia yake, ya sufu nyeupe, mpya, si kama yale matambara ya sikukuu ambayo yamekula mchuzi kuliko wenyewe. Aliificha ndani ya kapu la maharage. Kila alipokwenda kuchota maharage aliigusa kwa kidole kimoja, hicho ambacho hakina masizi.

Jambo moja tu lilimnyima usingizi. Numerio hakuwa na mke wala mtoto. Akifa kabla ya siku hiyo, nyumba na kila kilichomo, mpishi akiwemo, vinakwenda kwa kaka yake aliyeko mji wa Kapua, mtu ambaye hajapata kumwacha huru hata ndege.

Na mwaka ule kufa ilikuwa kazi nyepesi. Roma ilikuwa ikibadilisha Makaisari kama mtu anavyobadilisha shuka la mgonjwa. Wa kwanza alichinjwa barabarani. Wa pili alijiua. Wa tatu, Vitelio, aliletwa na askari wa Mto Reno, nao ndio waliojaa mjini wakati huo. Sasa majeshi ya Mashariki na ya Mto Danubi yalikuwa yametangaza wa nne, Vespasiano, na yalikuwa yanakaribia malango. Huyo Vespasiano mwenyewe hata mjini hakuwapo! Alikuwa Misri, anangoja. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Basi huyu hakuwapo, na lake lilikuwa linamjia lote mpaka mlangoni.

Mtu mwenye akili angekaa kimya, ale dengu zake, asubiri kuona nani atabaki. Lakini Numerio alikuwa na mdomo. Kesho yake ulipovuma uvumi kwamba Vitelio anataka kuacha ukaisari, arudi nyumbani kulea watoto wake, Numerio alitoka mbio na kofia yake ya sikukuu kichwani, akaenda sokoni, akapanda juu ya ngazi za hekalu, akapiga kelele, "Aishi Vespasiano!" Watu wote wakamsikia. Majirani pia.

Basi Vitelio alitaka kuacha, na askari wake wakamkatalia. Wakamrudisha ikulu kama mbuzi aliyekata kamba. Kisha wakawageukia waliokuwa wamemshangilia yule mwingine, nao wakakimbilia juu ya mlima wa Kapitoli na kujifungia huko. Numerio alikuwa mmoja wao.

"Mjinga yule!" Felikula akawa anapiga unga kama unga ndio uliokosa. "Mjinga mkubwa yule! Siku zote za mwaka anauza mafuta. Siku aliyoniahidi mimi ndiyo anakumbuka kuwa ana Kaisari!"

"Mama, unga haujafanya kitu," akasema mtu aliyekuwa ameketi karibu na jiko akimenya vitunguu, machozi yakimtiririka.

Huyu alikuwa Haldavo, na tuseme ukweli, hakualikwa na mtu. Alikuwa askari wa Vitelio, mmoja wa wale wa Reno, mwenye mwili kama mlango na nywele nyekundu. Kiangazi wenzake walipiga kambi kando ya Mto Tiberi, wakanywa maji yake, wakaogelea humo, homa ikawaangusha kama nzi. Wagonjwa wakagawiwa majumbani kwa nguvu. Huyu aliletwa juu ya ubao, nusu maiti, na Numerio akasema awekwe kwenye banda la magudulia afie huko. Felikula hakukubali mtu afe karibu na chakula. Akamnywesha uji wa shayiri kijiko kwa kijiko, akimgombeza kila kijiko, mpaka akapona. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Felikula alimpa kisu cha vitunguu. Tangu siku hiyo, kila alipopata nafasi ya kutoka kambini alikuja kumenya, na alimwita mama.

"Ajabu," akasema Haldavo akijipangusa kwa mkono. "Vitani silii. Vitunguu, nalia."

"Menya, usinisemeshe. Nina hasira."

Alfajiri iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha. Mlango wa jikoni ukafunguka, Numerio akaingia, matope mpaka magotini, kofia imelowa, meno yanagongana. Alikuwa ametoroka Kapitoli gizani, kwa sababu walinzi wa Vitelio hawakupenda mvua.

"Wananitafuta," akasema. "Nimewaona kwenye kona. Jirani amewaonyesha nyumba. Felikula, nimekwisha!"

Felikula hakumwonea huruma kwanza. Huruma ilikuja baadaye. Kwanza aliiona Kapua. Aliona kapu la maharage likifunguliwa na mikono ya watu wengine. Kisha akamtazama yule mzee aliyelowa, aliyemjua tangu akiwa kijana wa kuiba asali jikoni kwake, na ndipo huruma ikaja.

"Nenda kalale kwenye kochi. Katikati, mahali pangu."

"Kulala? Nakwambia wanakuja!"

"Ulewe."

"Sijanywa hata tone!"

"Amri ya mfalme. Lewa!" Akamvua joho lake, akamvika kanzu ya jikoni, akamwagia divai kifuani mpaka akanuka kama pipa. Numerio alipojilaza, akainuka tena nusu.

"Felikula, si kila mtu anajua? Siku hizi mtumwa ndiye anayelala na bwana ndiye..."

"Enhe. Sasa umeamka. Hao nao wana sikukuu. Hawatamtafuta aliyelala. Watamtafuta mwenye sinia."

"Na sinia atabeba nani?"

Hilaro, bawabu, mzee wa kucheka na kila mtu, akaificha mikono nyuma ya mgongo. Felikula angelibeba yeye, lakini waliokuwa wanakuja walikuwa wanatafuta mwanamume. Ndipo Haldavo akatokea kutoka ghalani, amevaa kanzu ya sikukuu yenye maua, macho mekundu, na beseni la vitunguu.

Felikula akamsogelea. "Haldavo, mwanangu. Wanaokuja ni wenzako. Ukimtoa huyu bwana, watakupa zawadi. Ukimficha na wakajua, watakuua wewe kabla yake. Hili siwezi kukuamuru. Ufalme wangu ni wa mchezo tu."

Haldavo akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu.

"Dengu zina moto?" akauliza.

"Zina moto."

"Basi lete sinia."

Mlango wa mbele ukapigwa teke, wakaingia. Mkubwa wao alikuwa mfupi, mcheshi kwa namna ya kutisha, na moshi ulikuwa umempaka uso. Akatazama makochi, akatazama kofia, akapiga makofi.

"Yo Saturnalia! Heri ya sikukuu! Msitufanye watoto jamani. Kambini nasi tunakula sikukuu. Aliyelala ni mtumwa, mwenye sinia ndiye bwana. Mkamateni huyo wa dengu!"

Wakamrukia Haldavo watatu kwa pamoja. Haldavo akawatolea matusi ya kwao, ya kule Reno, marefu, yenye mama na bibi za watu ndani yake. Wale askari wakamwachia kama waliogusa chungu cha moto.

"Haldavo?" akasema mmoja wa kikosi kingine. "Si ulikufa kwa homa wewe?"

"Nilikufa," akasema Haldavo. "Mama huyu akanikatalia."

Wakacheka. Mkubwa wao hakucheka. "Mwenye nyumba yuko wapi?"

Haldavo aligeuza macho polepole kuelekea makochi. Numerio, aliyekuwa akikoroma vizuri kabisa, akaacha ghafla. Ala! Mlevi gani anayekoroma, kisha akaacha ili asikilize? Felikula akalipiga kochi teke, kana kwamba anamwadhibu mlevi, na mkoromo ukaanza upya, sasa mkubwa kupita kiasi.

"Mwenye nyumba alikimbilia Kapitoli," akasema Haldavo. "Jana. Mimi nimewekwa hapa kulinda mafuta yasiibiwe. Mnataka dengu?"

"Kapitoli!" Mkubwa akatema mate sakafuni. "Basi huko ndiko akaungue. Twendeni." Wakachukua dengu zote, na sinia pia, wakaondoka. Siku ile ile, saa za mchana, nyumba nzima ilipanda darini ikaona moto juu ya mlima. Hekalu la Jupita lilikuwa linawaka, na hata Hilaro aliacha mzaha wake akavua kofia.

Numerio alishuka darini. Akaishika mikono ya Felikula yenye makovu, akaibusu, kisha akamshika Haldavo mabega, ingawa ilimbidi anyooshe mikono juu.

"Mwanangu," akamwambia, "nitakushukuru mpaka kaburini. Ukihitaji kitu chochote, hata nyumba hii, njoo kwangu. Unasikia? Kitu chochote."

"Asante bwana," akasema Haldavo. "Ni uji wa mama tu."

Felikula alikwenda ghalani akalia kidogo, peke yake, kwa shukrani. Akaishukuru miungu ya jikoni, akaishukuru mvua, akaushukuru hata ule uji. Aliigusa kofia ndani ya maharage. Siku zilizobaki zilikuwa chache.

Kesho yake baragumu za kambi zikalia, Haldavo akaitwa. Felikula akamfungia mkate na soseji kwenye kitambaa, akamwambia asijifanye shujaa. Jeshi la Vespasiano likaingia mjini kwa malango ya kaskazini, na vita vikapiganwa mtaa kwa mtaa, mbele ya milango ya maduka. Na watu wa Roma, bwana! Hawa watu! Walipanda juu ya mapaa na kushangilia kama wako kwenye uwanja wa mapambano. Huyu akianguka wanapiga makofi, yule akijificha dukani wanamwonyesha kwa kidole. Upande huu maiti, upande wa pili vilabu viko wazi, watu wanaoga maji ya moto, maana sikukuu haijaisha.

Kufika alasiri, upande wa Vespasiano ulikuwa umeshinda. Numerio, ambaye jana alikuwa chini ya kanzu ya jikoni, leo alikuwa mlangoni amevaa joho lake zuri, ametundika majani ya ushindi pande zote mbili, anampigia salamu kila apitaye. "Aishi Vespasiano Kaisari! Mimi nilisema mapema! Muulizeni yeyote!"

Wakati huo huo mlango wa jikoni ukasukumwa. Haldavo aliingia peku, hana upanga, sikio moja limekatwa nusu na damu imemshuka mpaka kiunoni. Akaketi kwenye kigoda chake cha vitunguu.

"Wanatutoa majumbani," akasema baadaye. "Wanatutafuta kwa nywele. Mrefu, mwekundu, wanaua. Sikuwa na pa kwenda, mama."

Felikula alikuwa anamfunga sikio pale Numerio alipoingia.

"Huyu atoke."

"Bwana, huyu ndiye..."

"Najua ni nani! Atoke kabla hawajafika. Wakimkuta hapa watasema namficha adui. Watatuua sisi sote, Felikula. Nyumba nzima."

"Jana ulimwambia aje akihitaji chochote. Nilikuwa nimesimama hapa hapa."

"Jana ilikuwa jana."

"Loo!" Felikula akajishika kiuno. "Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda ana udhuru, bwana, hana ulimi wa kuahidi. Wewe unao, tena mrefu, nusura utuue nao. Mimi ni mfalme wa sikukuu, na naamuru..."

"Mchezo umekwisha!"

"Jua la siku ya mwisho limezama? Mimi bado naliona."

Numerio akamkaribia. Mtu mwenye hofu ndiye mkali kuliko wote. "Nisikilize vizuri. Ukinilazimisha jambo hili, isahau ahadi yangu. Sitakuacha huru. Utapika katika jiko hili mpaka ufe. Umesikia?"

Hilaro akatazama miguu yake. Haldavo akaanza kuinuka, kwa sababu ingawa hakujua maneno mengi, hayo aliyaelewa.

"Kaa," Felikula akamwambia.

Akaenda kwenye kapu la maharage. Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu, na alikuwa na uchungu ambao hakuufahamu kipimo chake. Tusimwongezee utakatifu ambao hakuwa nao. Alifikiri kidogo kwamba angeweza kunyamaza, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Kisha akaitoa kofia, nyeupe kabisa, akapangusa vumbi la maharage. Ikawa ndogo. Kichwa cha Haldavo ni kichwa cha ng'ombe. Akachukua kisu cha vitunguu akaipasua mshono wa nyuma, ule alioushona kwa uzi maradufu, akamvika, akazisukuma zile nywele nyekundu zote ndani pamoja na sikio lililofungwa.

"Nenda kalale kwenye kochi langu. Lewa. Na usifungue mdomo, maana ukisema neno moja Reno nzima inasikika."

Akachukua sinia jingine, akapakua dengu, akampelekea Numerio.

"Bwana, hii si amri," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ahadi yako nimekurudishia, kaa nayo. Nakuomba tu. Alilibeba kwa ajili yako."

Mlango wa mbele ukagongwa.

Numerio alilitazama sinia kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kisha akalichukua.

Walioingia walikuwa watu wa jeshi la Danubi, wamechoka, matope mpaka mapajani. Kiongozi wao alikuwa mzee wa vita, mwenye mvi, anayechechemea. Naye aliijua sikukuu. Akaenda moja kwa moja kwa Numerio. "Mwenye sinia ndiye mwenye nyumba. Heri ya Saturno. Tunatafuta watu wa Vitelio."

"Hapa ni nyumba ya Vespasiano," akasema Numerio.

"Leo kila nyumba ni ya Vespasiano," akasema mzee, bila hasira. Akapita kwenye makochi, moja baada ya jingine. Akamtazama Hilaro na kofia yake yenye madoa. Akawatazama wengine na za kwao. Akafika kwenye kochi kubwa, akasimama.

"Kofia zote humu ni za sikukuu, nikizikamua nitapata supu. Hii ni mpya. Nyeupe. Kwa nini?"

Numerio akamtazama Felikula. Felikula alikuwa na amri ya kila kitu tangu sikukuu ianze, amri ya kuimba, ya kulewa, ya kumenya. Kwa hili hakuwa nayo. Akamwangalia tu.

"Huyo," akasema Numerio, akaacha, akaanza tena. "Huyo ni wa nyumba yangu. Jana askari wa Vitelio walikuja kuniua. Nilikuwa nimelala pale alipolala yeye. Aliyelibeba sinia alikuwa yeye. Walimkamata badala yangu, na angeweza kunitoa, hakunitoa." Sasa sauti ilikuwa imenyooka. "Leo namwacha huru. Ndiyo maana kofia yake ni mpya."

"Kweli hiyo?"

"Naapa kwa miungu ya nyumba hii. Jana alinipa maisha yangu."

Yule mzee akamtazama mtu aliyelala. Akaketi ukingoni mwa kochi akanyoosha mguu wake mbovu. "Basi mwache huru sasa, tushuhudie. Tangu asubuhi nimeona watu wakifa tu. Nipeni kikombe."

Basi Numerio Alfidio, mwuza mafuta, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtu aliyezaliwa huru, mtoto wa watu huru wa Mto Reno, akasema mbele ya mashahidi, "Haldavo, uwe huru." Na yule bonge la mtu, aliyeambiwa asifungue mdomo, akafungua macho badala yake, na machozi yakaanza kumtoka.

"Analia nini?" akauliza mzee.

"Vitunguu, mkuu," akasema Felikula haraka. "Kazi yake ni vitunguu."

Wakanywa, wakapangusa midomo. Mlangoni yule mzee akageuka. "Na mfalme wenu wa sikukuu ni nani?"

"Ni mimi, mkuu."

"Uishi miaka mingi, mfalme. Kaisari wetu yuko Misri. Wewe angalau tumekuona." Wakaenda zao.

Haldavo aliondoka baada ya siku mbili, asubuhi, kwa barabara ya kaskazini, amebeba mfuko wa dengu zilizokaangwa. Alitaka kumrudishia Felikula kofia. Felikula akamwambia asiwe mpumbavu, huko njiani kofia hiyo ndiyo shingo yake. Haldavo akainama, akaweka paji la uso juu ya mikono ya Felikula yenye makovu, akakaa hivyo.

"Asante, mama," akasema. "Mara mbili."

"Asante na wewe. Nenda. Na usinywe maji ya mto!"

Tangu ile jioni Numerio hakuwa amemsemesha Felikula neno zaidi ya chumvi na kuni. Naye hakuuliza. Siku ya mwisho jua likashuka nyuma ya mapaa, likazama. Ufalme ukaisha. Felikula akavua taji lake la figili, ambalo lilikuwa limenyauka lakini bado lina harufu, akalikatakata ndani ya chungu cha dengu, kwa sababu figili ni figili. Akageukia kibanda cha miungu ukutani. "Asanteni," akawaambia. "Wawili wanapumua. Sikuwaomba zaidi." Ilikuwa kweli, na macho yalimuuma, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Alipogeuka, Numerio alikuwa mlangoni mwa jikoni. Nyuma yake alikuwepo Hilaro, na rafiki wawili wa Numerio wamevaa vizuri, wanatetemeka kwa baridi, hawajui waweke wapi miguu katikati ya masufuria.

"Felikula. Nilikwambia uisahau ile ahadi."

"Nimeisahau, bwana."

"Mwongo."

"Mwongo mkubwa, bwana."

Numerio akainamisha kichwa. "Lile neno lilisemwa na hofu. Ukanirudishia ahadi yangu kama mtu anavyorudisha bakuli la jirani, ukampa mwingine kofia yako mbele ya macho yangu. Kama usingeniomba, ningemtoa, na nisingeweza tena kuitazama miungu hii. Umeniokoa mara mbili. Ya pili ndiyo ninayoishukuru zaidi." Akaweka mkono juu ya kibanda, na mwingine juu ya kichwa cha mpishi wake. "Rafiki zangu, shuhudieni. Felikula, uwe huru."

Wale rafiki wakasema wameshuhudia. Ukafika wakati wa kofia, na kofia haikuwapo. Ilikuwa njiani kwenda Reno. Numerio akapapasa kichwani mwake. Alikuwa bado amevaa ile yake ya sikukuu, iliyolowa mvua ya Kapitoli, ikamwagikiwa divai, ikakauka karibu na moto. Akaivua, akamvika.

Ilikuwa kubwa. Ikamshukia Felikula mpaka puani, na humo ndani, mahali pasipoonekana na mtu, alilia alivyotaka.

"Inanuka, bwana," ikatoka sauti yake.

"Inanuka nini?"

"Dengu."

Numerio, kwa mazoea ya siku zile, akanyoosha mikono kulichukua sinia mezani. Felikula akampiga kofi mkononi.

"Acha. Nitalibeba mwenyewe. Miaka yote hii leo ndiyo mara ya kwanza nalibeba kwa kupenda."

Akalijaza, akaliinua, akatoka nalo kichwa juu, kofia machoni, akajigonga kwenye mlango. Safari hii dengu zililiwa na sakafu, na aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Felikula mwenyewe.